KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MASHINE YA PRESHA ILIYOFUNGIWA NDANI YA KAMBA YA DUARA

KIKUNDI CHA WACHIMBAJI WADOGO MSHIKAMANO, GEITA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Kibandani, mdomoni mwa duara letu (shimo la kuchimbia dhahabu), nje kidogo ya Kalangalala

WALIOHUDHURIA, NDANI YA KAMBA
Mzee Raphael – Mwenyekiti
Telesphori – Katibu (amefika mpaka Lusaka)
Mwigulu – Fundi winchi
Davis – Mganga wa zahanati ya kambi, maarufu Dokta

WALIOHUDHURIA, NJE YA KAMBA (kwa mwiko wetu wa mwanamke kutokaribia duara, ili dhahabu isikimbie)
Lusia, Mama Goodness – Mke wa Mwigulu, mlalamikaji
Febronia – Mama lishe wa kambi, mke wa Mwenyekiti, mjamzito

HAKUHUDHURIA
Charles, mchimbaji. Alikuwa chini ya duara. Sauti yake ilisikika lakini haikuhesabiwa kwenye akidi.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kuwataka wajumbe waongee kwa heshima, hasa Mwigulu. Chai ilipitishwa juu ya kamba. Kwa kuwa Katibu alikaa jirani na kamba kwa sababu za kikazi, yeye ndiye aliyemiminiwa kwanza, na chai yote ilimwagikia goti lake. Mama Febronia aliomba radhi, akasema ameona vikombe viwili. Mwigulu alisema kwa Katibu hilo ni la kawaida, siku zote anaomba viwili. Wajumbe walicheka. Katibu naye alicheka huku goti likiwaka moto.

KUMB. NA. 2/2025: MALALAMIKO YA MAMA GOODNESS
Mama Goodness alieleza kwamba mimba yake ilipokuwa kubwa alikwenda zahanati akiwa amevimba uso na miguu, kichwa kinapasuka. Dokta hakumpima presha. Hata malaria yenyewe hakumpima, alimtundikia dripu ya malaria akamwambia akapumzike.

Mwigulu alikiri kwamba kipindi hicho alikuwa anatamba pale karashani, tunakosaga mawe, kuwa mke wake amenenepa kwa matunzo. Mama Goodness alimwambia, "Baba Goodness, kaa kimya, hayo matunzo yalitaka kuniua."

Aliendelea kwamba alianguka degedege akiwa kwenye gari njiani. Hospitali walisema ni kifafa cha mimba, presha ilipanda bila mtu kuiangalia. Alipasuliwa, mtoto akatoka kabla ya wakati wake, mdogo kama kiatu. Mungu ni mwema, wote wawili wapo.

Dokta alijibu kwa maneno mengi ya kitaalamu ambayo Katibu, pamoja na kutembea kwake kote, hakuweza kuyaandika. Alipoombwa arudie kwa Kiswahili, alisema machimboni kila kichwa kinachouma ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mama Goodness aliuliza kama na mtoto wake Goodness ni malaria.

KUMB. NA. 3/2025: KWA NINI MASHINE IKO HAPA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwaka jana mwenzetu Eliya alizimia chini ya duara, na kikundi kikaamua hakuna atakayeshuka bila kupimwa presha. Mashine pekee ya zahanati ikaletwa hapa kibandani, ikatundikwa kwenye msumari. Mjamzito haruhusiwi kuvuka kamba kuifuata. Na mashine nayo hairuhusiwi kumfuata mjamzito kisha ikarudi, kwa sababu kitambaa chake kitakuwa kimekumbatia mkono wa mwenye mimba, na dhahabu ina pua kali.

Mama Goodness aliuliza nani ameongea na dhahabu. Mwenyekiti alisema hilo haliko kwenye ajenda.

Charles alipaza sauti kutoka chini kwamba mwiko umetunzwa mwaka mzima na duara halijatema hata punje. Aliambiwa aendelee na kazi.

Dokta aliulizwa, yeye mwanamume ambaye kamba haimhusu, kwa nini hakuja kuichukua hata mara moja. Alijibu kwamba aliogopa kuambiwa amefukuza dhahabu.

"Kwa hiyo ukaona bora unifukuze mimi duniani," alisema Mama Goodness.

Dokta aliitazama mashine pale msumarini, akainamisha kichwa. Katibu anaandika kwamba hayo ndiyo maelezo yake ya kwanza yaliyoeleweka.

KUMB. NA. 4/2025: MENGINEYO
Mwigulu aliomba mke wake awafundishe wanaume dalili, wasije wakatamba tena. Mama Goodness alitaja kichwa kuuma bila kuachia, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu, na macho kuona kitu kimoja kama viwili.

Hapo Katibu aliangalia goti lake. Kisha akamwangalia Mama Febronia, akamuuliza, "Shikamoo mayu, kichwa kinauma?"

Mama Febronia aliitikia marahaba, akasema kinauma tangu jana, na asubuhi Dokta amempa Panadol. Mwenyekiti alisema mke wake amechoka na moshi wa jiko tu, jambo hili lipelekwe kikao kijacho.

Mama Febronia aliweka birika chini. Aliinua kamba, akapita chini yake na tumbo lake, akakalia kigoda cha fundi winchi, akakunja mkono wa gauni, akamgeukia Mwenyekiti.

"Baba Eunice, nimekuzalia watoto watano nikiwa nje ya kamba yako. Huyu nipimieni hapa. Dhahabu kama ina haraka, iende."

Hakuna mjumbe aliyepinga. Dokta alimfunga kitambaa. Mia na sabini kwa mia na kumi. Alihamishia mkono wa pili, ikawa ile ile. Safari hii aliongea Kiswahili: "Hii si ya Panadol. Hospitali, sasa hivi. Mama Goodness, kosa lilikuwa langu, na la leo ni langu."

KUMB. NA. 5/2025: MAAZIMIO (yalipitishwa wajumbe wakiwa wamesimama)
Mashine irudi zahanati leo leo, na kila mjamzito apimwe kila anapokuja, hata akija kuazima chumvi. Wanaoshuka duarani watapimwa huko huko zahanati, miguu wanayo. Malalamiko ya Mama Goodness yapelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya. Dokta alikubali, akapanda kwenye gari pamoja na mgonjwa.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA KIKAO
Kikao hakikufungwa, kilikimbia. Ieleweke kwamba dhahabu haikukimbia, aliyekimbia ni Mwenyekiti, kiatu kimoja mguuni, akilisimamisha gari la kubebea mawe, ndilo lililombeba mgonjwa. Mama Goodness alipakata kichwa cha mwenzake. Muda ulikuwa kama saa kumi jioni. Charles alipandishwa baadaye, akauliza kikao kimeamua nini.

Telesphori, KATIBU: (saini)

Raphael, MWENYEKITI: (saini, kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi). Chini yake ameongeza kwa mkono wake: "Nathibitisha. Wamempasua salama. Mtoto wa kike, Mama Goodness ndiye somo wake. Mwigulu akafungue ile kamba ailete nyumbani kwangu, nina nepi za kuanika."