Kadi ya Chanjo ya Bosko

Ufukoni, Mtwara
Jumatano

Mdogo wangu Stefano,

Habari za Masasi? Huku mama anakula vizuri na mikorosho imeanza kutoa maua. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Simu zangu hupokei, basi barua hii anakuletea Neema, anasafiri leo.

Mbwa wako Bosko amezeeka. Ana mtoto wa jicho, miguu ya nyuma haina nguvu, na vidonge vyake vya kifafa bado namfichia kwenye tonge la ugali asubuhi na jioni. Juzi kifafa kilimwangusha uani mbele ya majirani, povu likamtoka. Baba Rukia akapiga kelele, "Ana kichaa huyo! Auawe!" Nikamjibu kwa ukali kwamba amechanjwa, wewe mwenyewe ulimpeleka na kadi unayo. Mwenyekiti wa mtaa amenipa hadi Ijumaa nimwoneshe.

Hawajui kwamba nilipomshika kichwa asijigonge, aliniuma mkono wa kulia. Nikienda hospitali wataniuliza ni mbwa gani, na Bosko hataiona jioni.

Sasa nisikilize, Stefano. Siku ile ya chanjo mlitoka, mkarudi chai yangu haijapoa. Sikukuuliza. Leo nakuuliza, wala sitagomba: mlifika?

Mpe Neema kadi. Kama huna, mwambie anipigie hapo hapo, nikachomwe sindano.

Bosko yuko hapa miguuni pangu, analamba bandeji.

Dada yako,
Felista