Kanda Isiyo na Ogola

Sosiot,
Kericho.
20 Agosti 1995

Mpendwa ndugu yangu Kiptum,

Pokea salamu za nyumbani. U mzima? Baridi ya Uingereza imekuachia kifua? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ng'ombe wana maziwa na majani chai yamechipuka vizuri. Kibaya ni hasira niliyo nayo, na sehemu yake ni yako.

Kanda uliyomtumia Babu ilifika. Ulimwandikia kwamba ni filamu ya vita vya Burma, vita vyake. Wewe msomi ulisahau kwamba Babu hajawahi kuona filamu. Alidhani ni vita vyenyewe vilivyopigwa picha siku zile, na kwamba atamwona Ogola, yule rafiki yake Mjaluo aliyezikwa huko huko.

Basi akaalika rika lake lote. Unajua waliotahiriwa pamoja hawadanganyani. Akishikwa na uongo mbele yao, mzee huenda na aibu hiyo hadi kaburini. Mama akamimina maziwa ya mursik, jirani yetu Mwalimu Kebaso akaleta televisheni na video yake. Babu akavaa koti lake la jeshi, akakaa mbele kabisa.

Kiptum, tulitazama wazungu tupu. Wazungu wakivuka mto, wazungu wakilia, wazungu wakizikana kwa heshima. Hata punda wa mizigo walionyeshwa, mmoja akaitwa kwa jina. Mtu mweusi alipita mara moja na birika la chai, akachekacheka, akapotea. Wale vijana wetu waliooza kwenye matope yale hawakupata hata nafasi ya punda. Isingekuwa mali ya jirani, ningekivunja kile kioo.

Ilipokwisha, Mzee Kipkirui akamgeukia Babu. "Sasa wewe ulikuwa wapi? Ama ni wewe ulikuwa unapikia hawa watu chai?" Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo Babu haketi na rika lake, na lile koti nimelikuta amemtandikia mbwa.

Waliotengeneza filamu hiyo wamemfanya Babu mwongo nyumbani kwake, nao hawajui hata Sosiot iko wapi. Wewe unajua. Njoo Desemba uwaeleze Kipkirui na wenzake, kwa Kipsigis, filamu hutengenezwaje na ni nani huachwa nje. Mimi ni mwanamke, wazee wa rika hawatanisikiliza.

Mama anakusalimu, na mdogo wetu Rebeccah, na shangazi Janeffer wa Chepseon. Mungu akutangulie kila uendako.

Babu peke yake hakutuma salamu. Jana alinivuta hadi kwa Kebaso, akaniomba nirudishe kanda nyuma hadi pale penye moshi mwingi, kisha nirudishe tena. Sasa anataka nikuulize kama unayo ile nyingine, ile yenye Ogola.

Dada yako, anayekupenda hata akikasirika,
Chemutai