Siku Nilizomwosha Mama

Jumatatu, tarehe 5
Mama nimemnywesha uji, nimemgeuza ubavu. Hapa kijijini hakuna mwanaume anayemtunza mama yake kama mimi. Miaka sita yuko kitandani, hana kidonda hata kimoja.

Uongo. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Miaka yote sita ni mke wangu, mama Lazaro. Jana kaenda kwa kaka yake Mvumi. Kisa mdomo wangu. Mtendaji wa kijiji alipita kuandika watu na kazi zao. Nikamwambia, "Mimi mkulima. Huyu hana kazi, yupo tu." Naye ndiyo kwanza anatoka korongoni, ndoo ya maji kichwani. Akatua ndoo, akafunga kanga zake.

Jumanne, tarehe 6
Nimepika mlenda. Wanawake hutia magadi kidogo. Mimi nikatia kiganja kizima, uive upesi nikacheze bao. Mama kaharisha tangu saa nane. Nikaita majirani wanawake. Wote korongoni, wamefukua mchanga wanasubiri maji. Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake. Nikamwosha nimefumba macho.

"Fumbua, we Yona," akasema. "Unaosha ukuta."

Nilicheka. Halafu nikalia, mzee mzima.

Jumatano, tarehe 7
Mgongo. Bao sikwenda.

Alhamisi, tarehe 8
Ngozi ya mama imeanza kuchubuka kiunoni. Siku nne tu! Naona aibu hata mbele ya mbuzi.

Ijumaa, tarehe 9
Jirani kakaa na mama, nikapanda basi la Mvumi. Njiani nilipanga maneno matamu. Nikamkuta mama Lazaro amekaa. Amekaa tu, mchana kweupe. Sijawahi kumwona hivyo. Maneno matamu nikayaacha. Nikasema mama anachubuka. Akasimama kabla sijamaliza.

"Narudi kwa ajili ya mama, baba Lazaro, usijidanganye. Na maji utachota wewe."

Bora angenitukana.

Jumamosi, tarehe 10
Mama Lazaro kamgeuza mama polepole, kampaka mafuta. Mama kalala. Mimi sijaambiwa neno, na sistahili.

Kesho korongoni ni zamu yangu. Wazee wa bao watacheka. Wacheke. Ila shingo hii ya miaka sabini haijui ndoo. Nitapita kwa Chilongola. Zizi lake nilimjengea mimi alipovunjika mkono, hajanirudishia hata siku moja. Chilongola, ndugu yangu, naomba punda wako. Asubuhi moja tu.