Violoni ya Nyuzi za Mbuzi

Papa,

Nimekaa mlangoni, mvua imefunga njia, na Koko amelala nyuma yangu kwenye mkeka wake. Ndiyo, mama yako amerudi nyumbani. Nakwambia hilo kwanza ili usihangaike nikikueleza mengine. Hayo mengine yananitia haya, na hapa Mushaki sina wa kumwambia, maana karibu wote ninaowafahamu walikuwapo wakicheka.

Ulipougua, uzi mwembamba wa violoni ulikuwa umekatika, na hukupata tena nguvu ya kusokota mwingine. Tulipokuzika, niliitundika violoni kwenye msumari wake nikasema sitaigusa mpaka matanga yaishe. Lakini padri mgeni, huyu kijana aliyekuja wewe ukiwa tayari kitandani, alikuwa amesikia habari za katekista na violoni yake. Aliniuliza kwa nini haichezwi. Nilimwambia nyuzi zimekwisha. Akaandika kwao Ulaya, na wakati wa kuvuna maharage kifurushi kikafika. Nyuzi nne, kila moja imeviringishwa ndani ya karatasi yake, laini, hazina hata kinundu kimoja. Padri akasema ni za utumbo wa kondoo, na kwamba huko kwao ndizo nyuzi za violoni tangu zamani.

Nilizipima kama ulivyonifundisha. Nilishika ncha huku na huku, nikavuta, nikaugonga uzi kwa kidole kidogo na kuutazama kwenye mwanga wa mlango. Nilikusikia ukiuliza, "Unaona mistari ngapi?" Nikikujibu miwili, ulikuwa unasema, "Basi, hii iko ya kweli." Nikikujibu naona mingi, imechanganyika, ulikuwa unautupa pembeni: "Hii iko na uongo. Itakupatisha haya mbele ya bantu." Katika nyuzi zako, Papa, za kweli zilikuwa chache. Hizi za padri zote zilionyesha mistari miwili, safi. Nilianza kuona haya pale pale, kwa ajili yako, kama mgeni ameingia ndani akakuta nyumba haijafagiliwa.

Jumapili iliyofuata nilicheza. Papa, sikujua kwamba kile chombo kina sauti ile. Nilipopitisha upinde mara ya kwanza niliogopa, nikadhani kuna mtu mwingine anayecheza nyuma yangu. Watu walinyamaza mpaka watoto wachanga wakanyamaza. Tulipotoka nje, Mama Noela, yule jirani wa mlima wa pili aliyekuwa hodari wa kukuigiza, alinishika mikono yote miwili. "Leo njo violoni inaongea! Ya Papa yako ilikuwa inakohoa tu." Na mimi nikacheka pamoja naye. Sikucheka kwa adabu. Nilicheka kwa furaha.

Unakumbuka jinsi walivyokufuata njiani, watoto wa kilimani, wakikohoa nyuma yako? Ulikuwa unageuka na kuwaambia, "Endeleeni, dawa iko kwangu nyumbani, inaitwa jembe." Wakakimbia wakicheka. Nilikupenda sana kwa hilo, na wakati huohuo nilitamani ardhi inifiche.

Nakumbuka pia ulivyohangaika. Padri wa zamani alikuwa amekuachia violoni aliporudi kwao na ugonjwa wake, halafu vikaja vile vita vya Ulaya na vifurushi vikakoma. Watu walikuwa wanalimishwa maua ya pareto na kutengeneza barabara, na wewe ukitoka shambani unatafuta nyuzi. Ulijaribu katani. Ulijaribu nyuzi za mrafia, mwaka ule ulipotumwa kufundisha kule Mpofi ukanichukua niende kukupikia. Mwishowe ukakaa na utumbo wa mbuzi. Tuliteremka mimi na wewe kwa miguu kutoka huko hadi Mubi kutafuta shaba ya kuzungushia uzi mnene, na dereva mmoja wa lori akakupa dinamo iliyoungua. Tulikaa kando ya barabara tukaifumua kutwa nzima, wewe unavuta, mimi nazungusha kwenye kijiti, vumbi la malori linatuingia machoni. Ulikuwa na furaha kama umepewa ng'ombe. Siku ile nilikuwa nadhani hakuna mtu duniani anayejua nyuzi kukushinda.

Na Jumapili ile nikawa naona kwamba hukujua.

Sasa sikia nililolifanya. Watoto wa kwaya walipokuja kuitazama violoni, niliwaambia, "Papa alikuwa muntu muzuri, lakini kamba hakuzijua. Nani alimwambia mbuzi?" Nililisema kwa sauti ya huruma, ile ya mwalimu anayemsamehe mtoto mjinga. Nyuzi zako za zamani nilifungia mlango wa banda la kuku.

Watoto hao ndio waliomwambia Koko kwamba nyuzi mpya ni za kondoo. Unajua mambo ya nyumba yetu. Kondoo kwetu hachinjwi. Anatembea na ng'ombe, anawatuliza, na aliyemshika matumbo hakaribii moto wa Koko. Wewe mwenyewe ulihubiri juu ya miiko mpaka wazee wakakununia. Ulisema, "Mwiko iko woga tu, muache!" Jumapili tuliimba Mwana-Kondoo wa Mungu kwa nguvu zote, kisha tukarudi nyumbani ambako hakuna aliyethubutu kugusa hata ngozi ya kondoo. Tulikuwa tunacheka juu ya hilo, mimi na wewe, kwa siri, tukiwa shambani.

Asubuhi Koko alikunja mkeka wake, akachukua kigoda chake na kiko chake, akateremka taratibu kwenda kwa Shangazi, kule karibu na kijito. Nilimpelekea ugali na maharage. Chakula kilirudi jinsi kilivyokwenda, kimefunikwa. Nikapeleka tena, kikarudi tena. Nyumba ikabaki na mimi na violoni yenye sauti nzuri, na kila jioni niliicheza kwa nguvu zaidi ili nisisikie jinsi ndani mlivyokuwa kimya.

Basi nikaenda kwa Shangazi. Nilikwenda na hasira, Papa. Nilikuwa nimepanga maneno yako yote ya mahubiri, ya kwamba kimwingiacho mtu hakimtii unajisi, na kwamba mwanawe alikuwa katekista na haifai mama wa katekista afanye hivi. Koko aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Halafu nikaongeza lile la mwisho, kwamba Papa angejua habari ya kondoo, angetumia kondoo.

Akaniambia, "Papa yako alijuaka."

Sikuelewa. Akatoa kiko mdomoni. "Padri wa zamani alimwambia asema iko kondoo. Akakuja kuniuliza. Mi nikakatala. Akasema, basi, mama, watanicheka miye, haiko wewe."

Kisha akarudisha kiko mdomoni, na habari ikaishia hapo.

Nilipanda kilima nikiwa siwezi kutazama watu. Miaka yote ile nimekaa nawe mlangoni, tunagonga nyuzi, tunahesabu mistari, nami nikikuambia labda mbuzi alikuwa mzee mno, labda majivu yalikuwa machache, labda tusokote kwa mkono wa kushoto. Na wewe ukinijibu mimi bintiyo, "Labda, mama, tujaribu vile." Ulijua. Kila Jumapili ulisimama mbele ya wale watu ukakohoza violoni, ukijua uzi wa kweli ni upi na kwa nini huutumii. Nami nimewaambia watoto kwamba hukujua. Nimekufanya mjinga ukiwa kaburini, mahali usipoweza hata kugeuka na kuwatania.

Bado najiuliza kama ulifanya sawa. Uliwahubiria watu wa milima yote hii, ukashindwa kumhubiria mwanamke mmoja aliyekuzaa. Zamani ningekuita mwoga. Siku ile nilishindwa kulitamka neno hilo hata peke yangu njiani.

Sikukuu ya kubariki kanisa jipya la matofali ilikuwa inakaribia. Makapela yote, hata yale makanisa madogo ya mbali, yangekuja, na Askofu mwenyewe. Padri alikuwa ameshamwandikia juu ya violoni. Nilizifungua nyuzi za kondoo, nikazirudisha kila moja ndani ya karatasi yake, nikampelekea. Alidhani nimeugua. "Mbele ya Askofu, Furaha? Mbele ya Askofu unataka kukwaruza?" Nilimjibu kwamba ni mambo ya nyumbani. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Halafu nikachinja yule beberu mweupe. Papa, ulifanyaje kazi ile bila kutapika? Nilisafisha utumbo kwa maji ya majivu, nikaukwangua kwa mgongo wa kisu, nikausokota na kuutundika chini ya paa na mawe ya kuuvuta. Nikasahau kuusokota tena kabla haujakauka, kama ulivyokuwa ukinikumbusha. Nyuzi nyingi zilitoka za uongo mtupu, mistari mpaka macho yanauma. Nilichagua zile zilizodanganya kidogo. Shaba ya uzi mnene niliifumua kwenye mlango wa banda la kuku, kuku wakinitazama.

Nilibeba violoni mpaka kwa Shangazi nikaiweka magotini kwa Koko. Aliinama, akazinusa nyuzi, moja baada ya nyingine, taratibu, kama anavyonusa maziwa. Kisha akanipa mkeka wake niubebe.

Sikukuu ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilisimama pale ulipokuwa unasimama, nikavuta upinde, na violoni ikakohoa. Nilisikia mtu mmoja akiguna, halafu benchi zima, halafu Mama Noela kwa nyuma akakohoa kile kikohozi chake, na kicheko kikapita kanisa zima kama kinavyopita kila mara. Padri alitazama viatu vyake. Watoto wa kwaya walinitazama mimi, wale niliowafundisha kukuhurumia. Nilitaka niache kucheza niwapigie kelele: najua! Nyuzi nzuri ziko pale kwa padri, nazijua, nimezicheza, mmenisikia! Maneno yalinifika kooni. Niliyameza nikaendelea mpaka mwisho wa wimbo, vibaya, nikilia kwa hasira, wala si kwa ibada kama Askofu alivyodhani.

Hukuwahi kulia, wala kukasirika. Au ulikasirika, nikashindwa kuona. Hilo nalo linanitia haya.

Koko alikuwa kwenye benchi la mbele, tulimbeba kwa kiti. Shangazi anasema wakati watu wanacheka, Koko alikuwa anatikisa kichwa polepole, akamwambia, "Njo ile," ndiyo ile sauti yako. Basi.

Ningeweza kuishia hapo na ungeniona mtoto mwema. Lakini nilikuandikia kwa ajili ya jambo moja ambalo bado sijalisema.

Tulipokuwa tunarudi, Koko alikataa kiti, akataka kutembea kidogo. Nilimshika kiwiko. Mkono wake umekuwa mwepesi, mifupa mitupu, na pale penye mteremko alisimama kuvuta pumzi. Nami nikiwa nimemshika, nikawaza: amezeeka sana. Nikawaza: nyuzi za kondoo haziozi zikikaa pakavu. Niliwaza hivyo waziwazi, Papa, kwa maneno, huku namwambia, "Polepole, Koko, angalia jiwe." Nilimtazama kama mtu anavyotazama shamba la mwingine akihesabu siku za kuvuna.

Wewe uliishi naye miaka yote hiyo na violoni ikiwa ukutani. Sidhani kama uliwahi kuhesabu. Na mwishowe ni yeye aliyekuzika wewe.

Mvua ikikatika nitakwenda kwa padri. Nitamwomba ampe nyuzi zile mtu wa kapela nyingine mwenye violoni, hata kama ni mbali, hata kama simjui, azicheze sasa hivi. Zisikae kwenye sanduku zikinisubiri. Najua nikimkabidhi mkono wangu utakuwa mzito, na pengine nitalia tena, na hata hilo sitalionea fahari. Lakini nakuahidi, Papa, na wewe unishike kwa neno hili: Koko ataishi katika nyumba yako bila mtu yeyote ndani yake kumngojea afe.

Ameamka. Anauliza naandika kwa nani. Nimemwambia ni kwako, akasema nikusalimie, na kwamba kuku wametoka.

Pumzika, Papa yangu.

Mtoto wako,
Furaha