Godoro la Alhamisi

Bibi yangu,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nakuombea tu Mwenyezi Mungu akupe mapumziko mema. Sisi huku Kibiti wazima. Miwani yako ipo kwenye mkoba wangu wa shule. Kuku wako wamehamia kwa jirani bila kuaga.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, na niliogopa kwamba ungekasirika. Leo siogopi tena.

Kila mwezi, siku ya Alhamisi, wewe na Mama Tausi mlikwenda gerezani kuangalia wafungwa na mahabusu wanaishije. Hamkuwa askari wala watu wa serikali. Mlikuwa raia wawili wa kujitolea, mkunga mstaafu na fundi cherehani. Ukirudi uliketi mkekani, na kwa kuwa macho yako yalishaingiwa na ukungu, ulisema nami nikaandika. "Andika, mke mwenza. Sakafu kavu. Ndoo za maji zimejaa. Mzee Kinyogoli, yule wa kifua, analala kwenye godoro." Kila ripoti ilikuwa njema. Nilijivunia mwandiko wangu.

Siku ya arobaini yako alikuja Hamza, muuza chapati wa stendi, aliyekuwa ametoka mahabusu wiki ile. Alikula pilau sahani mbili, kisha akakusifu mbele ya wanaume wote.

"Bi Zainabu alikuwa sikukuu yetu," alisema. "Jumatano tunasugua sakafu, ndoo zinatolewa stoo, Mzee Kinyogoli anapewa godoro. Alhamisi bibi huyo. Ijumaa godoro linarudi stoo, mzee anarudi chini."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vyombo, nikalitua pale pale.

Kwa sababu simu ya Jumatano, namba nilikuwa nakubonyezea mimi, Bibi. Kila mwezi ulimwambia mkuu wa gereza kwamba kesho mnakuja. Kwenu Salale mtu havuki mto kwenda kwa mwenzake bila kutanguliza salamu; anayefika ghafla humwaibisha mwenye nyumba. Hukutaka kumwaibisha mtu. Na adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomwacha yule mzee sakafuni siku nyingine zote.

Siku tatu sikusema. Nilijiambia nikinyamaza jina lako litabaki safi. Lakini nikifungua daftari nauona mwandiko wangu: godoro, godoro, godoro. Na yeye kule anakohoa.

Unanijua, hata chumvi dukani naiomba kwa kunong'ona. Nilikwenda kwa Mama Tausi, nikashindwa kumwambia, nikamsomea daftari, halafu nikamweleza maneno ya Hamza huku natazama chini. Alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, mimi pia nilikuwepo," akasema. "Tulikuwa tunakwenda kama wageni wa harusi."

Akatoa kibali chenu, kimekunjwa mara nne, akanipa nikisome. Kimeandikwa: siku yoyote, bila taarifa.

Alikwenda Jumatatu, yeye na mwalimu mstaafu wa Ikwiriri aliyechukua nafasi yako. Hawakupiga simu. Getini walisimamishwa juani, wakaambiwa mkuu ana kazi. Mama Tausi akasema hana haraka, akakaa juu ya jiwe akadarizi kofia. Ua la pili lilipokaribia kwisha, wakafunguliwa. Mzee Kinyogoli alikuwa kwenye saruji, karibu na ndoo ya choo. Waliandika yote, wakapeleka ripoti kwa waliowapa kibali. Walirudi tena bila taarifa, wakamkuta bado yuko chini. Mara ya tatu, wiki iliyopita, walikuta ameshapelekwa hospitali, amepimwa na kurudishwa, anameza dawa, na amekalia godoro. Mama Tausi hakuridhika. Aliinama akalipapasa godoro.

"Limebonyea katikati," aliniambia aliporudi. "Godoro la maonyesho halibonyei. Hili linalaliwa."

Mzee alikuulizia, Bibi. Hakuwa na habari kwamba umefariki. Alipoambiwa, na alipoambiwa pia kwamba mjukuu wako ndiye aliyesema na sasa anaona haya, alimpa Mama Tausi ujumbe aniletee. Nauandika kama alivyouleta: "Mwambieni yule binti, hata godoro la Alhamisi lilikuwa godoro. Usiku ule nilikuwa nalala. Na bibi yake alinishika mkono, hilo halikuandaliwa na mtu."

Nililia, lakini kilio chepesi, kama mtu anayetua kuni kichwani. Usiku nikalala mpaka asubuhi. Nilikuwa sijalala hivyo tangu tukuzike.

Sasa kwaheri, mke mwenza. Bado nina miaka miwili shuleni. Nikimaliza, nikafikia umri wa kukubaliwa, nitaomba kwenda na Mama Tausi, nami mbele ya geti lile nitajitahidi kusema kwa sauti. Nakuahidi. Na kaburini kwako nitakuja kukuombea dua siku yoyote nitakayojaliwa.

Sitatanguliza salamu.

Mjukuu wako,
Mwanaidi