Thelathini na Moja ni Nyekundu

Jumatano. Baridi ya Julai, mawingu tangu asubuhi, na nina furaha mpaka chai imepoa nikiandika.

Shajara, nianze na aibu. Asubuhi nilitumwa kutoka ofisi yetu ya kutengeneza kompyuta mjini kwenda kwenye kichinjio kimoja upande wa Dagoretti. Kompyuta ya karani wao, Mzee Mbugua, ilikuwa ikionyesha takataka: kila mstari wa orodha ya mizoga ulianza na [31m au [32m. Meneja akasema nisafishe. Nilizifuta zote kwa nusu saa, nikasifiwa, nikaondoka nikijiona fundi. Mzee mwenyewe alikuwa ametoka kunywa chai, na sikumngoja.

Nilikuwa njiani, Adams Arcade, nikinunua ndizi, Mzee Mbugua aliponipigia simu.

"Mami, ni wewe umetoa zile manamba? Mimi nilikuwa nasoma na hizo. 31 ni nyama daktari wa mifugo amekataa. Sasa nitajua aje ya kuzuia?"

Niliziacha ndizi. Pale getini nilikuwa nimeacha pikipiki zikingoja kupakia nyama ya mabucha. Nilimwomba asiruhusu hata kilo moja itoke, nikapanda bodaboda kurudi. Namshukuru Mungu, hakuna kilichokuwa kimetoka.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilifungua waraka wa kiwango, ule unaoeleza alama ambazo programu hutumia kuiamuru skrini. Nakiri sikuwahi kuusoma. Na kumbe humo 31 ni amri: andika kwa nyekundu. 32 ni kijani. Haikuwa takataka hata kidogo. Programu ya zamani ilikuwa ikiomba rangi, na kompyuta mpya, kwa kutoelewa ombi, ililiandika lilivyo.

Nilicheka peke yangu. Watu walikubaliana juu ya namba hizi kabla sijazaliwa, na leo bado zinaamua nyama gani iliwe Kawangware.

Nikazirudisha namba, nikaiwezesha kompyuta kuzielewa. Mistari ikatokea, nyekundu na kijani, safi kabisa. Nikangoja kupongezwa.

Mzee Mbugua alisogea karibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, meneja asisikie, "Mimi hizi rangi mbili naona kitu moja. Tangu nikiwa mtoto. Na ile kompyuta ya zamani nilikuwa naita mtu wa mizani aniangalilie. Hii mpya ilipoanza kuleta manamba ndio nikaanza kujisomea."

Mimi ndiye niliyemnyang'anya hilo, kisha nikasimama pale nikitaka makofi. Nusura nilie.

Nikarudi kwenye waraka. Namba 7: geuza, maandishi meusi juu ya weupe. Nikaiweka mahali pa 31, na mstari mmoja ukajitokeza ndani ya kisanduku cheupe, ukionekana hata kutoka mlangoni.

Mzee aliweka kidole kwenye kioo, akausoma taratibu, akainua simu ya getini. "Nyama namba 14 isitoke." Hakumwita mtu wa mizani.

Sasa niko nyumbani Kabiria na siwezi kuuweka waraka chini. Kesho nitamwambia meneja kosa lilikuwa langu, na macho ya mzee sitayataja.

Lakini mwaka huu nimesafisha kompyuta ngapi bila kumngoja anayezitumia arudi kutoka kunywa chai?