Gauni la Doto

Ng'ambo, Tabora
20 Mei 1976

Kwa dada yangu mpendwa Josepha,

Shikamoo dada. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na kama mwili ungekuwa ndio mtu mzima, ningesema sijambo nikaishia hapo. Shemeji yako Anton naye hajambo, anakwenda kazini kwake stesheni na kurudi, kile kikohozi cha masika kimemwacha. Wewe je, hali yako? Mguu wa baba unamruhusu kulala? Mama anaendeleaje? Mvua za huku zimekatika mapema, sijui kama huko Ndala mpunga ulipata maji ya kutosha. Ningeuliza na habari za kuku, dada, na za majirani mmoja mmoja, maana nikimaliza kuuliza itanibidi niseme lile nililokaa kuliandika.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniandikia kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa baba atakupeleka kwa mumeo Masolwa, na mbele ya wazee wa pande zote mbili utasema kuwa ndiyo, ulimbagua Doto ukampendelea pacha wake Kulwa, na unaomba radhi. Umesema umechoka. Umesema heri ukubali usilolitenda umpate mwanao, kuliko kubaki na haki yako huku Kulwa anajifunza kumwita mtu mwingine mama. Nimeisoma mara nne. Dada, usiyatamke maneno hayo. Kosa si lako. Kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeshika kalamu hii.

Niache nianze mwanzo, kwa sababu nikianza kurukaruka nitapata mahali pa kujificha, nami najijua.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye ushonaji. Gangaben, mke wa Velji mwenye duka la vitambaa, aliniajiri nimfulie nguo. Kila nikianika, macho yangu yapo kwenye cherehani. Mwishowe akachoka kuniona nachungulia, akanivutia kigoda. Yule mama hakunifundisha suruali wala koti, alinifundisha nguo za watoto tu, na alikuwa mkali kweli. Pindo uache pana, maana mtoto hashonewi kwa siku moja, anashonewa kwa mwaka mzima. Vifungo viwe mgongoni, mdomo usivifikie. Kitambaa cha buluu usikiguse kwa mkasi kabla hakijalala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, la sivyo rangi itakuaibisha. Na ukishonea watoto wawili nguo za namna moja, kunja kitambaa ukate mara moja, ili asije mmoja akapata zaidi ya mwenziwe. Leo nusu ya watoto wa Ng'ambo wamevaa mkono wangu. Wangu mwenyewe ndiye hayupo. Hilo nalo unalijua, huu mwaka wa saba wa ndoa.

Mwaka jana, baada ya pamba kuuzwa, shemeji Masolwa alinunua kile kitambaa pale Nzega, buluu yenye maua madogo ya manjano, akampa mtu aniletee. Agizo lilikuwa la mama mkwe wako, na lilikuja limenyooka kama rula. Magauni mawili na vikofia viwili vya mapacha kwa ajili ya ngoma yao, vyote vitoke kwenye kitambaa kimoja, vishonwe na mkono mmoja, katika siku moja. Sikushangaa. Sisi sote tumekua tukiambiwa kwamba mapacha wana kinyongo, akipewa Kulwa apewe na Doto, kijiko kwa kijiko, na atakayewatenga ajiandae. Kitambaa kilipimwa vizuri mno. Kilitosha magauni mawili na vikofia viwili, hakikubaki hata cha kiraka.

Nikashona, mzigo ukafika kwa basi, ngoma ikachezwa. Uliniandikia kwamba watu wamesifu mpaka mkweo, mtu asiyesifu hata chumvi, akauliza ni nani huyu fundi. Nilifurahi, tena nilifurahi vibaya, nikijua ninalolijua.

Kisha ukaja ule mwezi wa Oktoba. Ulizipeleka nguo bombani kuzifua kwa mara ya kwanza, na kijiji chenu kipya unakijua, nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukikohoa kwako jirani anakupa pole. Gauni la Kulwa likatoka maji safi. La Doto likatoa rangi beseni zima, maua yakapotea, likabaki kijivu. Kikofia chake lakini kiliwaka vilevile, manjano juu ya buluu. Mkweo alikishika kikofia mkono huu na gauni mkono huu, mbele ya wanawake wote waliosubiri maji, akauliza gauni lenyewe la Doto liko wapi. Akasema umelibadilisha. Akasema hajui umelipeleka wapi, ila mtoto wako mmoja umemvisha nguo na mwenziwe umemvisha tambara.

Hazikupita wiki mbili surua ikaingia kijijini. Wote wawili walishikwa. Kulwa akapona. Doto hakupona.

Mimi na Anton tulifika siku ya pili ya msiba. Nilikaa ndani na wanawake, mkeka mmoja na wewe, bega langu na lako. Mkweo hakupaza sauti. Alisema taratibu tu, kana kwamba anaeleza njia ya kwenda kisimani, kuwa Doto ameona amebaguliwa akakasirika, akaondoka zake. Wanawake wakageuka kukutazama. Nawe ulijibu maneno machache ambayo mpaka leo nalala nayo, naamka nayo. Ulisema, "Kitambaa ni kimoja. Amekishona mdogo wangu, na mdogo wangu hawezi kunidanganya."

Ndipo wakanigeukia mimi. Mkweo akaniuliza kama ni kweli. Dada, nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi. Nikasema, "Mimi nilishona kama nilivyoagizwa." Nikasema hivyo nikakohoa, nikaomba maji ya kunywa.

Basi jibu langu likakumaliza. Kama fundi ameshona sawasawa, aliyebadilisha ni nani kama si mama mtu? Matanga yalipoanuliwa wakakurudisha kwa baba. Kulwa wakabaki naye, mtoto wa miezi kumi na moja, na wewe ziwa lilikuwa halijakauka. Mama aliniambia jinsi ulivyokuwa ukikamua maziwa nyuma ya nyumba, ukiyamwaga chini. Nilimsikiliza, nikamwambia maskini dada yangu, nikarudi Tabora kushona.

Sasa nisikilize. Ilikuwa hivi. Magauni yote mawili yalipokwisha niliyapiga pasi, na mkaa wangu siku ile ulikuwa mbaya, cheche ikaruka, gauni la pili likaungua mgongoni tundu la ukubwa wa shilingi. Nikamwogopa mkweo, nikatafuta kitambaa kinachofanana, nikashona jingine.

Hapana. Nimeweka kalamu chini nikaenda kuchota maji, nimerudi. Hayo ya juu sitayafuta. Yaache hapo uone jinsi uongo unavyonijia upesi, hata leo, hata kwako. Hakuna cheche iliyoruka. Hakuna gauni lililoungua.

Magauni yote mawili yalitoka salama. Niliyatandaza kitandani, mikono ikiwa imefunguliwa, marinda yamelala vizuri, na nakuapia sijapata kushona kitu kizuri kama kile. Nikakaa pembeni yao. Nikawaza, Josepha Mungu amempa wawili kwa mkupuo, mimi hata nusu sijapewa. Wake wana magauni mawili na watashonewa mengine. Wangu, popote alipo, hana hata moja. Nikachukua moja nikalikunja, nikalitia chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Mama alitukanya kwamba mtoto asiyezaliwa hashonewi, lakini nilijiambia sikumshonea, nimemwekea tu. Unaona jinsi nilivyojua kujitetea?

Nilikuonea wivu, dada. Nimetafuta neno lingine la heshima kidogo, sikulipata. Watoto sikuwaombea baya lolote, Mungu ni shahidi wangu, niliwapenda. Ila nilikuonea wivu wewe, uliyenibeba mgongoni.

Asubuhi iliyofuata mtu wa Masolwa alikuwa apande basi. Jioni ileile nilikwenda mbio sokoni nikapata kitambaa cha buluu chenye maua ya manjano, ukiwa mbali huwezi kukitofautisha. Sikukilaza kwenye maji ya chumvi, muda haukuwapo. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi, nikafunga mzigo. Nikajiambia mtoto mchanga hajui kitambaa. Nikachagua lipi liende kwa nani, na hapo nako sikufikiri mara mbili. Kulwa ndiye aliyetangulia, nikampa la kweli. Doto akapewa la bandia. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyemtenga Doto, ni mimi, mama yake mdogo.

Nilikwenda hospitali ya Kitete nikamwuliza nesi mmoja, nikijifanya namwulizia jirani, kama surua inaweza kuletwa na nguo. Alinicheka kidogo kwa upole. Akasema surua haijali mtoto amevaa nini. Namwamini mchana. Jua likizama naanza kuhesabu siku toka gauni lilipotoa rangi mpaka Doto alipofariki, na hesabu hiyo nesi hawezi kunisaidia. Lakini hata kama gauni halikumuua mtoto, lilimtoa mama nyumbani kwake, na hilo halina ubishi wa daktari wala wa mganga. Ningelisema pale mkekani, pale pale, ungebaki na Kulwa wako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na sijazaa, na wewe uliyezaa nimekufanya ukae kama mimi.

Jana nilimwambia Anton. Nilifungua sanduku nikalitoa gauni nikaliweka juu ya meza. Alilitazama muda mrefu, mikono mfukoni. Aliniuliza neno moja tu, "Limekaa humu tangu lini?" Nikamwambia tangu mwaka jana, mwezi wa nane. Akakaa chini. Nilitegemea atanitukana, nilitamani hata anitukane. Kisha akasema nilipige pasi, maana kitu cha ushahidi hakipelekwi mbele ya wazee kikiwa kimekunjamana. Nililipiga pasi nikilia, naye alishika taa.

Atakayeliweka gauni hili kando ya lile la Kulwa ataona mwenyewe. Maua yamekatwa mahali pamoja, kwa sababu nilikunja kitambaa nikakata yote mawili kwa mkasi mmoja. Mkweo ana jicho kali, hatahitaji kuelezwa. Mwache anitukane mimi atakavyo, nina kifua cha kupokea.

Sasa, dada, neno la mwisho, na hili ndilo gumu. Siku ile ya msiba, ulipomaliza kusema kwamba mdogo wako hawezi kukudanganya, ulinitazama mara moja, ukainamisha macho. Nimelifikiri jicho lile miezi saba. Nadhani ulijua. Umeujua mkono wangu wa kushona miaka mingapi? Kitambaa chako ungeshindwa kukitambua mwilini mwa mwanao, wewe uliyemvisha na kumvua? Ulijua, ukanifunika, kama ulivyonifunika nilipovunja mtungi wa bibi ukachapwa wewe. Na barua hii ungeisoma peke yako, ungeitia motoni, halafu Jumamosi ungekwenda ukakubali kosa lisilo lako ili mdogo wako asisemwe na watu.

Nakufahamu, Josepha. Ndiyo maana nimeiandika mara mbili. Ile ya kwanza Anton ameondoka nayo asubuhi hii kwa basi la Nzega, pamoja na gauni, aitie mikononi mwa Masolwa na mama yake. Hii ikikufikia, wao watakuwa wameshaisoma.

Wasalimie baba na mama, nao uwasomee yote, usiwapunguzie hata mstari. Ukipenda kunijibu nitashukuru, na usipojibu nitajua ni haki yako. Kulwa akirudi mikononi mwako mbusu paji la uso, usimwambie ni nani amemsalimia mpaka atakapokuwa na akili ya kuamua mwenyewe kama anaitaka salamu hiyo.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Apolinaria